Filamu Fupi Pia Ni Kazi

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana wa Kitale na Bungoma

Nawashukuru waliofunga safari kutoka Bungoma alfajiri, na wazazi mlioacha shughuli za shamba kuja kutusikiliza.

Wazazi huniuliza: filamu ni kazi kweli? Nitajibu kwa kuwaeleza safari ya Wanuri Kahiu.

Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1980. Shahada yake ya kwanza ni ya sayansi ya usimamizi, kutoka Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza. Ndipo akaenda Los Angeles, Marekani, kusomea uelekezaji wa filamu. Mzazi, tambua kwamba usanii haukumtoa darasani.

Mwaka wa 2009, filamu yake From a Whisper, inayohusu athari za shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, ilishinda taji la filamu bora katika tuzo za filamu za Afrika, AMAA. Lakini iliyompeleka tamasha la Sundance mwaka wa 2010 ni filamu fupi, Pumzi, ya takriban dakika 20 tu.

Pumzi inasimulia dunia iliyokaushwa na vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya majengo, wakisafisha jasho na mkojo wao ili wanywe. Asha, mtunzaji wa makavazi, anatumiwa udongo wenye uhai. Anapanda mbegu, inachipuka, naye anatoroka kwenda kuitafutia mahali pa kukua.

Sasa niambieni, nani angestahili kusimulia hadithi ya maji na mbegu kuliko sisi? Mto Nzoia unapata maji kutoka Cherang'any na Mlima Elgon. Makao makuu ya Kenya Seed yako hapa Kitale. Kule Bungoma, kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka wa 2009, mji mzima uliyumba. Tusipozisimulia hadithi hizi wenyewe, zitazikwa na wazee wetu.

Sitawadanganya kwamba njia ni laini. Mwaka wa 2018, Rafiki, filamu nyingine ya Wanuri, ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa kuonyeshwa Cannes. Hapa nyumbani Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku, naye akaenda mahakamani. Hakuacha kazi: mwaka wa 2022 alielekeza Look Both Ways ya Netflix. Kwa hivyo zijueni sheria mapema, na mtafute leseni kabla ya kupiga picha.

Msingoje kamera ya bei ghali. Andikeni kwanza hadithi ya dakika 10. Mpeni mtu asiye rafiki yenu aisome. Akichoka katikati, punguzeni. Mswada mzuri hugharimu karatasi na subira, na hakuna kamera inayoweza kuokoa mswada mbaya.

Wazazi, mtoto akiomba jioni moja ya kuandika, mpeni.