Kabla hujavuka Sirari: niliyowaambia vijana wa Iringo

 

Nimeombwa niongelee namna ya kwenda kutafuta kazi au biashara nje. Najua nikisema "nje" wengi mnawaza Kanada na Dubai. Mimi naanza na Sirari, maana ndiko tunakopita kweli. Migori, Kisii, Kisumu, kote huko kuna watoto wa Musoma, na wengi walivuka kwa njia za panya.

Mmoja nilisoma naye sekondari. Alipata kazi za ndani huko ng'ambo. Mwezi wa kwanza akalipwa, wa pili akaambiwa asubiri. Alipodai mwezi wa nne, mama mwenye nyumba akamjibu, "Nenda polisi, tuone nani atalala ndani." Akarudi na mfuko wa rambo tu. Yule mama wala hakuwa mjuzi wa sheria. Alijua jambo moja: binti hana karatasi.

Karatasi zenyewe sasa. Pasipoti ya Afrika Mashariki ni shilingi 150,000, na kwa kijana anayelipwa kwa kutwa pale Mwigobero hiyo siyo hela ndogo. Chama chetu kiipigie kelele. Ukishindwa, nenda ofisi ya Uhamiaji uombe hati ya dharura ya kusafiria, bei yake ni nafuu. Ukigongewa muhuri, raia wa Jumuiya anaweza kukaa mpaka miezi 6 bila kulipia viza.

Hapo ndipo tunapojichanganya! Muhuri ule ni wa kutembea, siyo wa kazi. Kazi inatawaliwa na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010. Ibara ya 10 ni ya wafanyakazi, ya 13 ni haki ya kwenda kuanzisha shughuli yako. Lakini kibali bado kinaombwa, na nchi zilijiwekea orodha za wafanyakazi wa kuwapokea. Orodha hizo zimeegemea wenye taaluma na vyeti. Dada wa kazi za ndani hakukumbukwa sana, na hilo linaniuma. Angalau dai mkataba wa maandishi. Mwajiri anayekwepa kuuandika, mwogope kabla hujapanda gari.

Wauza dagaa, nanyi nisikilizeni. Mzigo usiozidi dola 2,000, kama bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa na imetoka ndani ya Jumuiya, unapewa cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani na ushuru wa forodha haulipi. Vibali vingine vya samaki bado vinatakiwa, msije mkasema yule binti wa sheria alituambia bure! Ila kishoka akikwambia lazima mzigo upitie kwake, mpite.

Tuje kwenye siasa. Julai 2025 Waziri Selemani Jafo alitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara za aina 15: jumla na rejareja, uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, saluni, kununua mazao shambani na nyinginezo. Faini haipungui milioni 10, kifungo hadi miezi 6. Hata Mtanzania anayewasaidia ana adhabu yake.

Vijana wetu wengi walishangilia mtandaoni. Nawaelewa, Kariakoo imeelemewa kweli. Lakini amri haikumtenga Mkenya wala Mganda, ambao tulisaini nao itifaki wenyewe. Waziri wa biashara wa Kenya, Lee Kinyanjui, akalalamika waziwazi. Ningekuwa mimi, ningeandika mstari mmoja tu wa kuwaondoa raia wa Jumuiya, halafu nibanane na mtaji mkubwa unaojificha kwenye vibanda. Maana Kenya wakiamua kulipiza, hatafungiwa waziri. Atafungiwa mama yako mdogo anayeuza dagaa Migori.

Kaka mmoja hapa ameniuliza, eti niko upande wa wageni? Kaka yangu, ukishavuka Sirari mgeni ni wewe.

Basi, mwenye mkataba, hata picha kwenye simu, aje tuusome pamoja. Mimi bado ni mwanafunzi, siyo wakili, kwa hiyo msinilipe. Nipo hapa mpaka giza liingie.