Tepe za Kung'arisha Meno: Zitumie kwa Usalama

Leo tunazungumzia tepe za kung'arisha meno, vile vipande laini vya plastiki vilivyopakwa dawa. Dawa yenyewe kwa kawaida ni haidrojeni peroksaidi, inayofifisha rangi ya chai, kahawa na tumbaku.

Kabla hujanunua, muone daktari wa meno. Dawa hii ikipenya kwenye jino lililotoboka, utakesha kwa maumivu. Jino bandia halibadiliki rangi, wala mahali palipozibwa, hivyo usishangae pakibaki vilevile. Na ninyi wa Arusha na kwingine kwenye maji yenye floraidi nyingi: madoa ya kahawia yaliyojengeka tangu utotoni hayaondoki kwa tepe. Hayo yanahitaji daktari.

Sasa matumizi. Kausha meno kwa kitambaa safi. Bandika utepe, ukingo wake uishie pale ufizi unapoanza, kisha kunja sehemu iliyobaki kwa ndani. Tepe nyingi hukaa takribani dakika 30, lakini fuata maelezo ya pakiti yako. Kulala nazo hakuongezi weupe, kunaunguza ufizi.

Meno yakishika ganzi, pumzika siku moja mbili. Ufizi ukigeuka mweupe na kuchoma, acha, na usipotulia nenda kliniki. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wasizitumie bila ushauri wa daktari.

Na zile ndimu za jikoni za kung'arishia meno? Ziache kwenye kachumbari. Asidi yake hula enameli, na enameli ikishaliwa haioti tena.