Chuo, Duka na Forodha: Maandalizi ya Wahitimu kwa Maisha ya Kazi Bujumbura

Taasisi ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Burundi ilianza mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, wakati taifa jipya lilipohitaji watumishi wa kushika nafasi zilizoachwa na maofisa wa Kibelgiji. Kwa hiyo wahitimu wa awali hawakuwa na haja ya kufundishwa namna ya kutafuta kazi, kwa kuwa kazi ndiyo iliyowatafuta. Hali hiyo imekwisha zamani, ila masomo yaliyojengwa juu yake yangali yanamwelekeza mwanafunzi kwenye meza ya serikali, na mageuzi ya mfumo wa ngazi tatu za shahada yamegusa zaidi hesabu ya miaka kuliko uhusiano wa darasa na mahali pa kazi.

Pengo hilo huonekana wazi katika mtaa wa Asiatique, ambao utawala wa kikoloni uliwatengea wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, kama Rohero ilivyotengwa kwa Wazungu na Buyenzi ikawa makazi ya Waswahili. Biashara ya mtaa huo hutegemea kwa sehemu kubwa mali kauli, yaani bidhaa anazokabidhiwa mchuuzi kwa ahadi ya mdomo kwamba atalipa akishauza, na mwenye duka hulazimika kupima uaminifu wa mtu, kasi ya soko na mwenendo wa bei ya dola kwa wakati mmoja. Mhitimu wa uchumi aliyesoma nadharia ya mikopo kwa Kifaransa anazijua kanuni za upimaji huo, pengine kuliko mwenye duka mwenyewe, lakini hajapata kuzitumia kwa Kiswahili, mbele ya mteja anayeomba aongezewe wiki mbili. Kumwita mvivu au mwenye kuchagua kazi, kama inavyosemwa mara nyingi, ni kumlaumu kwa jambo ambalo hakuna aliyemfundisha.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni safari ya mzigo. Tangu reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, Dar es Salaam imekuwa mlango mmojawapo mkubwa wa nchi hii isiyo na bahari, na bidhaa zimeendelea kuingia kwa ziwa na kwa barabara. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na chini ya Himaya Moja ya Forodha, utaratibu ambao kwao nchi wanachama huhesabiwa kuwa eneo moja la ushuru, kodi hukadiriwa na kulipwa kabla mzigo haujaondoka bandarini. Hivyo anayeshughulikia kontena moja husoma hati ya shehena iliyoandikwa kwa Kiingereza, huzungumza na madereva kwa Kiswahili, hujibu maswali ya Mamlaka ya Mapato ya Burundi kwa Kifaransa, kisha humweleza mteja wake kwa Kirundi kwa nini gharama imepanda. Kazi hiyo inahitaji sheria, hesabu, lugha nne na subira. Ni vigumu kuona kwa nini chuo kiihesabu kuwa ndogo kuliko ukarani wa wizara.

Kinachopendekezwa ni uanagenzi, yaani kujifunza kazi chini ya aliyebobea, utakaowekwa ndani ya shahada yenyewe na kupewa alama, badala ya majuma machache ya mwisho ambayo mwanafunzi huyamaliza akitoa nakala za karatasi. Pingamizi lenye uzito ni kwamba duka la Asiatique mara nyingi ni mali ya ukoo, na hakuna mzee atakayemfungulia mgeni daftari la madeni kwa sababu ameletwa na barua ya mkuu wa kitivo. Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo maana inafaa kuanza kwa mawakala wa forodha, ambao hati zao hupita mikononi mwa serikali kila siku na siri zao ni chache, huku wenye maduka wakiachwa wachague wenyewe, baada ya kuwaona vijana hao wakitoa mizigo yao, ni nani wa kumwita ndani.