Anga ya Turkana na Kengele za Uongo

Setilaiti ya BeppoSAX, ambayo Italia iliirusha mwaka wa 1996 kwa ushirikiano na Uholanzi, ilizunguka dunia katika ukanda mwembamba usiozidi takriban nyuzi 4 kaskazini au kusini mwa ikweta, ukanda ambao ndani yake imo miji ya Lodwar na Kakuma ya Turkana, Kenya, na data zake zilipokelewa katika kituo cha Malindi. Njia hiyo haikuchaguliwa bure. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kunasa milipuko ya miale ya gama, yaani mimweko mikali ya nishati itokayo galaksi za mbali na kutoweka baada ya sekunde au dakika chache. Na adui wa kazi hiyo ni kengele ya uongo, kwa kuwa juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini usumaku wa dunia ni dhaifu, hivyo chembe zenye chaji hushuka na kuvipiga vitambuzi kana kwamba nyota imelipuka. Setilaiti iliyo karibu na ikweta hugusa ukingo tu wa eneo hilo.

Hata hivyo, njia tulivu haitoshi, maana Jua nalo hufoka, na mawingu ya radi, hasa ya bonde la Kongo, hurusha mimweko ya gama ya muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Kwa hiyo BeppoSAX ilikuwa na vitambuzi 4 ubavuni, na kengele ililia pale tu angalau viwili vilipopanda kwa pamoja. Kisha likafuata swali lenye uzito zaidi, yaani kama kamera ya setilaiti hiyo nayo imeona nukta mpya mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Tarehe 28 Februari 1997 vitambuzi na kamera vilikubaliana, na baada ya saa 8 hivi darubini za eksirei zilipogeuzwa upande huo zilikuta chanzo kipya, ambacho siku 3 baadaye kilikuwa kimefifia takriban mara 20. Kengele ya uongo haiachi masalio ya namna hiyo, na hayo yalikuwa ya kwanza kuonekana tangu setilaiti za Vela za Marekani zinase mlipuko wa kwanza mwaka wa 1967.

Data za setilaiti za Swift na Fermi, zilizoendeleza uchunguzi huo, ziko wazi kwa umma bila malipo. Walimu wa fizikia wa Lodwar na Kakuma na wazitumie darasani, na serikali ya kaunti iwapatie kompyuta na intaneti za kufanyia kazi hiyo.