Dari ya Ukumbi Wetu
(Maneno ya mwalimu wa kwaya katika chakula cha jioni cha harambee, Dar es Salaam)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, akina Ta na akina Ma, na ninyi wajukuu mliozaliwa hapa mjini: Katibu ameniomba tuimbe. Tutaimba, lakini kwanza niruhusuni niseme machache kuhusu ukumbi wetu wa kijiji.

Watu wa umri wangu mnaikumbuka nanga. Ubao uliochimbwa kama hori, uzi unaokwenda na kurudi juu yake, na sauti ndogo ambayo leo redio ya jirani ingeimeza. Hata hivyo mpigaji alisimulia habari za Rukiza au Kachwenyanja hadi usiku wa manane, na wasikilizaji walishika kila neno. Alikuwa ndani ya msonge. Nyasi zilishuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na sakafuni palitandikwa nyasi nyingine. Nyasi hunyonya sauti, hairudi. Nje migomba ya kibanja ilizuia kelele za njiani. Katika utulivu ule mtunzi aliweza kupanga mistari mirefu, yenye maneno mengi na ya haraka, akijua yatafika. Mimi siamini kwamba tungo zile zingezaliwa chini ya bati. Mvua zetu mnazijua.

Kinyume chake kiko Venice, Italia. Kanisa la Mtakatifu Marko lina kuba tano, na noti ukiiachia huendelea kuelea wewe umeshafunga mdomo. Giovanni Gabrieli alipiga kinanda pale tangu miaka ya 1580 hadi alipofariki mwaka 1612. Aligawa waimbaji na wapigaji katika makundi yaliyosimama mbalimbali, hili likiita na lile likiitikia, akatunga sauti pana zinazopishana taratibu. Hakugombana na jengo, na muziki wake unapendeza mpaka leo.

Sasa turudi nyumbani. Ukumbi wa zamani ulibomoka katika tetemeko la Jumamosi ile, 10 Septemba 2016. Huu mpya mmeujenga imara: tofali za saruji, mkanda wa zege, vigae sakafuni, bati juu. Nawashukuru. Ila fedha zilipopungua, dari ndiyo iliyokatwa kwenye makadirio, na hakuna aliyeona kosa, hata mimi. Sauti hukimbia karibu mita 340 kwa sekunde. Kabla silabi moja haijaisha imeshagonga kuta, bati na vigae mara kadhaa, na inairukia silabi inayofuata.

Nilitunga wimbo wa kuwakumbuka waliotutoka siku ile, nikataja vijiji vyetu kimoja kimoja. Tulipouimba ukumbini, Ma mmoja aliyefiwa siku ile alinishika mkono mlangoni. Akasema, “Mwalimu, mmeimba vizuri sana. Mlikuwa mnasema nini?”

Nilirudi nyumbani nikafanya alivyofanya Gabrieli. Nikapunguza mwendo, nikarefusha noti, nikaondoa nusu ya maneno. Wimbo sasa unapendeza pale ukumbini, watu wanausifu. Lakini maneno niliyoyaondoa ndiyo yale majina ya vijiji. Na hivi karibuni nimejikamata natunga hivyo hata nikiwa shambani: maneno machache, noti ndefu, kana kwamba kuta zile nimezibeba kichwani. Vijana ninaowafundisha hawajui namna nyingine.

Wapo walioshauri tununue spika kubwa. Ni ushauri wa upendo, lakini spika itakuza maneno na mwangwi kwa pamoja. Tunachohitaji ni dari ya mbao laini za kunyonya sauti, ambayo pia itapunguza kishindo cha mvua, na mapazia mazito ukuta wa nyuma. Fundi wetu ameshapima, na makadirio yake anayo Mweka Hazina.

Ukumbi huu wa hoteli una zulia na mapazia. Kwa hiyo leo kwaya itauimba wimbo ule kama nilivyoutunga mwanzo, na majina yote yamo. Sikilizeni kijiji chenu. Kadi za ahadi ziko meza ya mlangoni.