Ua wa Nyuma Uliosimamishwa Vibaya

 

Nilialikwa nizungumze juu ya usafi. Lakini asubuhi nimepita nyuma ya nyumba kadhaa hapa Ziwa la Ng'ombe, nikaona nyua zilivyolala, nikasema leo tuongee hilo.

Sisi wa pwani tuna neno moja tu. Ua ni ule wigo, na ua ni ile nafasi ya ndani yenye jiko, kuku, bafu na kamba ya nguo. Kwa hiyo wigo ukianguka, mama hana pa kuogea kwa heshima, na kuku wa kikundi wanalala kwa jirani. Si jambo dogo.

Hata mimi yalinikuta. Fundi alisimamisha ua wangu kwa siku moja, nguzo za mvinje na mabati ya zamani, futi 6 kwenda juu. Nikamsifu. Mvua za masika zilipokuja na upepo wa kusi, ua mzima ukalalia upande wa jirani, juu ya mpapai wake. Nami nikachukua ubao nikauegemeza kutoka upande wake huo huo, bila kumwambia! Siku tatu hatukusalimiana. Na ule mwega wenyewe haukumaliza wiki mbili.

Basi nikang'oa nguzo moja. Ilikuwa haikufika hata futi moja ardhini. Kumbe fundi aligonga jiwe la matumbawe, na badala ya kuchimba akakata nguzo. Vile vipande alivyoviacha nilivipikia chai, wala sikujiuliza vimetoka wapi.

Ndiyo maana nasema, ua ukiinama msiupigie ubao. Ugonjwa uko chini. Mchanga wetu ukikauka unashika, ukilowa unalegea, na bati linapokea upepo kama tanga la jahazi.

Toeni mabati kwanza, na misumari yote itiwe ndani ya kopo. Watoto wetu wanatembea pekupeku, na pepopunda haina huruma. Kisha vuteni uzi kutoka pembe hadi pembe. Kwa ua wa futi 6, nguzo iwe futi 8, yaani futi 2 ziingie ardhini. Za pembeni na za lango ziingie zaidi, futi 2 na nusu. Ukigonga jiwe, chukua mtaimbo uendelee. Jiwe likitobolewa linashika nguzo kuliko mchanga.

Shimo liwe pana, mara tatu ya unene wa nguzo. Tia kokoto chini, simamisha nguzo, ipime kwa timazi pande mbili. Halafu rudisha udongo uliochanganywa na kokoto kidogo kidogo, kila nusu futi unashindilia kwa nguvu. Hapa ndipo mafundi wa haraka wanapotuibia: wanajaza shimo lote kisha wanakanyaga juu kwa mguu! Zege wekeni pembeni na langoni tu, saruji 1, mchanga 3, kokoto 6, na muache siku kadhaa ikaze kabla ya kurudisha mabati. Mwega wa pembeni ukae ndani ya ua wako, mguu wake juu ya jiwe.

Gamba la mti libanduliwe, mchwa hupenda kujificha humo. Kuna wanaopaka oili chafu. Mimi siipendi, maana wengi wetu tunateka maji ya visima.

Bati lisiguse ardhi, liache nafasi ya vidole vitatu. Hewa ya bahari inalila tayari, usiliongezee tope. Upande wangu unaopokea kusi nimeondoa mabati kabisa nikaweka makuti. Upepo unapita, jicho halipiti. Yatataka kubadilishwa baada ya miaka michache, najua, lakini makuti yakianguka hayamkati mtu.

Na kabla ya sululu kugusa ardhi, muite jirani. Huku Kisauni wengi wana nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, na mpaka uko vichwani mwa watu, si kwenye karatasi. Ukisogeza nguzo shibiri moja, hata kwa nia njema, umeanzisha kesi ya mzee wa mtaa. Simameni wote wawili, mkubaliane juu ya uzi, na kichochoro kibaki upana wa kupitisha mgonjwa au jeneza. Jirani yangu alipouona uzi alisema umeingia kwake. Tukapima tena, tukausogeza. Alikuwa na haki. Mche mwingine wa mpapai nilimnunulia mimi.

Jumamosi saa mbili asubuhi tutaanza kwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Ana mtaimbo mmoja na koleo mbili. Mwenye mtaimbo wa pili aje nao, na jirani yake ameshakubali kuwepo.