Kiungo kinachofunguka kwetu tu

Mazungumzo yaliyotolewa Baraka mbele ya wanachama na komite ya mawasiliano



Nimeombwa niseme juu ya kurasa za chama kwenye intaneti, na zaidi juu ya viungo. Kiungo ni yale maneno ambayo mtu anayafinya na ukurasa mwingine unafunguka. Ni kitu kidogo, lakini sikilizeni. Kuna mama mmoja, mwanachama wetu aliyerudi kutoka kambi ya Nyarugusu, ambaye alikuta shamba lake linalimwa na watu wengine. Kijana wake akamfungulia ukurasa wetu kwa simu, wakaona maneno "Tarehe za vikao vya upatanishi wa mashamba", akafinya. Hakuna kitu. Akafinya tena, na mega zinaisha. Akapiga simu ofisini, waliokuwepo siku ile wakamjibu: "Kwetu inafunguka, ni rezo yenu njo mbaya." Kikao kikapita, na upande wa pili ukasikilizwa peke yake.

Rezo haikuwa na kosa hata kidogo. Kiungo chenyewe kilikuwa kibovu, na mtu akiangalia anwani iliyofichwa ndani yake anaona sababu mara moja.

Kurasa zetu zinatengenezwa kwa programu ya KompoZer. Ni ya bure, na haihitaji intaneti wakati wa kazi; kwetu sisi tunaopata umeme wa kuhesabu masaa, hilo si jambo dogo. Unaandika na kupanga picha huku ukiona ukurasa karibu kama msomaji atakavyouona, bila kujifunza lugha ya HTML. Kuweka kiungo hakuchukui hata dakika. Unachagua maneno kwa kipanya, unafinya alama ya mnyororo, dirisha dogo linafunguka, unaonyesha fishie ya ukurasa unaotaka, unakubali. Maneno yanageuka bluu na kupigwa mstari chini.

Hapo kila mtu anafurahi. Lakini tuangalie programu imeandika anwani gani. Inaweza kuwa ndefu, inaanza na file:///C:/ halafu jina la mwenye mashine, halafu dosie moja ndani ya nyingine. Au inaweza kuwa fupi: mashamba.html, basi. Kwenye kompyuta ya ofisi zote mbili zinafunguka, njo maana kosa halionekani. Ile ndefu inaiambia simu ya yule mama: nenda ndani ya diski C ukatafute ukurasa. Simu yake itatoa wapi diski hiyo? Ni kama kumwambia mgeni aliye Uvira, "kitu unachotafuta kiko nyuma ya mlango wa jikoni kwangu." Ile fupi inasema: tafuta hapa hapa, katika dosie hii nilimo mimi. Dosie nzima ikihamia Uvira, au ikipandishwa kwenye seva iliyo Ulaya, njia inahama pamoja nayo.

Katika dirisha lile la kiungo kuna kisanduku kidogo cha kuweka alama, kinachosema kwamba anwani ihesabiwe kutoka mahali ulipo ukurasa wenyewe. Hicho njo cha kuangalia. Kama ukurasa haujahifadhiwa bado, kisanduku kinabaki kimefifia, hakikubali. Vijana wengi wanakwama hapo, wanadhani programu imeharibika. Haijaharibika: haijui bado ukurasa wako unakaa wapi, itahesabu njia kutoka wapi? Hifadhi kwanza, ndani ya dosie ya chama pamoja na kurasa nyingine, halafu weka kiungo.

Majina ya fishie nayo yanaua viungo. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, lakini seva nyingi zinajali: Rapoti.html na rapoti.html kwake ni fishie mbili. Tuandike herufi ndogo tupu, bila nafasi katikati, bila aksenti za Kifaransa. Na jina likishawekwa lisibadilishwe ovyo, kwa sababu kurasa nyingine hazipati habari. Zitaendelea kuliita la zamani. Picha ni hivyo hivyo.

Jambo la maneno ya kiungo linanigusa zaidi kuliko haya ya ufundi. Ukurasa wetu wa kwanza una "finya hapa" mara tano. Hapa wapi? Mtu anayehesabu mega zake ana haki ya kujua anachonunua. Tuandike "Karatasi za kuleta kwenye kikao cha shamba", tuandike "Rapoti ya kesi ya chama, PDF", na uzito wake pembeni. Mfadhili naye anafuata njia hiyo hiyo: akifinya rapoti ya pesa zake na isifunguke, hatafikiria diski C. Atafikiria mambo mengine.

Watu wanaona kutengeneza kurasa kwa kipanya ni mambo ya juzi. Programu ya kwanza kabisa ya wavuti, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee kule CERN, Geneva, mwaka 1990, ilikuwa ya kusoma na ya kuandika pamoja: unatia alama unakotaka kwenda, unachagua maneno, unaunganisha. Tangu mwanzo kiungo kiliruhusiwa kuelekea kwenye ukurasa ambao haupo, na ruhusa hiyo ilisaidia wavuti kukua upesi. Kwa hiyo kiungo kikifa, mwenye ukurasa haletewi habari. Ni msomaji anayekutana na ile namba 404.

Njo maana naomba komite isijaribu viungo kwenye mashine iliyovitengeneza. Kopieni dosie nzima kwenye flashi, ifungueni kwenye kompyuta nyingine, mfinye kila kiungo hadi cha mwisho, pamoja na kile cha kurudi mwanzo, ambacho kurasa nne bado hazina. Ikishapanda kwenye seva, rudieni kwa simu, na iwe simu ya mtu asiye wa komite.

Jana jioni nilifanya hivyo na vijana wawili. Ukurasa wa mashamba sasa unafunguka. Vilivyobaki vibovu ni vitatu: orodha ya shule zinazopokea watoto waliosoma Tanzania, fomu ya michango, na picha ya kisima. Flashi iko kwa sekretere.